Remiksi yetu ya fyusheni ya muziki wa Super Mario: wanasema imepigwa vizuri ila "Mario hayumo". Naomba tuichambue

MwanaRhodes aliandika:

Wakuu, salaam. Nimekuja na kazi mkononi, naomba muichambue bila kuoneana haya.

Napiga kinanda kwenye kikundi cha watu watano: kinanda, besi, gitaa, ngoma na saksafoni ya tena. Tumechukua muziki wa Super Mario Bros., ile gemu ya 1985, kazi ya Koji Kondo, tukaupanga upya kwa mtindo wa jazi-fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki na fanki. Hatukuchota sampuli yoyote kutoka kwenye gemu. Kila kinachosikika kimepigwa na mtu. Wimbo una dakika 5 na sekunde 40.

Kwa ambao hamtafungua faili, safari yake ni hii. Tunaanza na Rhodes (kinanda changu cha umeme) peke yake, bila mdundo, nikizivuta taratibu zile noti za mwanzo ambazo kila mtu anazijua. Sekunde ya 36 wanaingia wote, na hapo melodi tumeiweka kwenye 7/8, hesabu ya mapigo saba kwa kila bari, badala ya 4/4 ya kawaida yenye manne. Besi anapiga slapu, yaani kugonga nyuzi kwa dole gumba, mwanzo mwisho. Kuanzia 1:30 nimebadilisha akodi nyingi: pale sehemu inapofungwa, ambapo wimbo wa asili una A-flati, B-flati, C, mimi nimeweka Dm7, G7 iliyojaa noti za kupindisha, kisha Cmaj9. Ikifika 2:20 mpiga saksafoni anachukua solo ya dakika mbili kamili juu ya akodi moja tu, Dm9. Kwenye 4:20 tunazama chini ya maji, yaani ile wolzi ya hatua za kuogelea, halafu 5:05 tunarudi kwenye melodi kuu, wote kwa nguvu.

Wanamuziki wenzetu wameipenda. Lakini watu waliokua na gemu hii, ambao ndio hasa tuliowakusudia, wananipa jibu lilelile kwa maneno tofauti: mmepiga vizuri sana, ila Mario hayumo. Mmoja alisikiliza hadi karibu dakika ya pili akauliza huu ni wimbo gani. Limenikaa rohoni hilo. Muziki huu ndio ulionifanya nitake kujua akodi ni kitu gani, kabla sijajua hata jina la mtu aliyeutunga.

Sasa naomba mnisaidie kusikia. Ni 7/8? Ni akodi? Ni solo? Au kila remiksi ya aina hii lazima ichague upande, mpenda jazi afurahi na mpenda gemu aondoke? Mimi hilo silikubali. Mwaka 2022 The 8-Bit Big Band walichukua Grammy kwa mpangilio wao wa "Meta Knight's Revenge", muziki wa gemu ya Kirby, na ule mpangilio una jazi ya kutosha, tena ya kukimbia. Kwa hiyo inawezekana. Nataka kujua sisi tumepotelea wapi.

---

BesiBilaFreti alijibu:

MwanaRhodes, hongereni, kazi ya mikono inasikika. Nimeisikiliza kwa hedifoni, kisha nikachukua besi yangu nikaifuata tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kuna mambo sikio peke yake haliyaoni mpaka vidole viguse.

Nianze na panaponifurahisha, maana jibu lako limo humohumo. Zile sekunde 36 za mwanzo ni nzuri mno. Akodi ya kwanza umeiacha kama ilivyo: D chini, F-shapu katikati, E juu. Hiyo ni D yenye tisa yake, imejengwa kwa noti tatu tu, na imewekwa kufungulia wimbo ulio katika C. Yaani Mario hajapiga hata hatua moja na tayari tumesikia rangi ambayo mpiga kinanda wa jazi angeitafuta. Umeipa nafasi, ikalia mpaka ikaisha yenyewe. Pale Mario yumo kabisa.

Anapopotea naweza kukuonyesha sekunde yenyewe: 1:47.

Angalia wimbo wa asili unafanya nini kwenye kifungo kile, yaani pale sehemu inapofungwa. Melodi inashuka: E-flati, D, C. Besi chini yake inapanda: A-flati, B-flati, C. Sauti mbili zinakwenda kinyume na kukutana nyumbani. Tena A-flati na B-flati si wenyeji wa C meja, zimeazimwa kutoka C maina, ndiyo sababu ukifika C unahisi umepanda juu ya kitu, hukurudi tu. Kifungo hiki kimewashika watu hadi wachambuzi wa muziki wa gemu wanakiita kadensi ya Mario.

Wewe umeweka Dm7, G7, Cmaj9. Akodi sahihi, na zimo kwenye nyimbo za jazi zisizohesabika. Ndipo penye shida: umetoa kitu ambacho ni cha wimbo huu peke yake ukaweka kitu cha kila wimbo. Halafu kukatokea gharama ya pili. E-flati ya melodi haikai juu ya Dm7, inagongana na ile D vibaya, na namsikia mpiga saksafoni akiipiga E ya kawaida badala yake. Kwa hiyo melodi imebadilishwa ili kuiokoa akodi. Kwangu hilo halifai hata siku moja katika kazi ya namna hii. Melodi ndiyo mwenye nyumba. Akodi zije, zikae, zipendeze, lakini zisimhamishe.

Ukitaka rangi, iongeze juu ya mifupa iliyopo. Jaribu Abmaj9, Bb13, C6/9. Besi inapanda vilevile, melodi inashuka vilevile, E-flati ni ya tano ya akodi ya kwanza, D ni ya tatu ya akodi ya pili, hakuna anayesukumana na mwenzake. Na kwa vidole vyako vile, ile 13 juu ya B-flati, yaani G, itang'aa bila wewe kufanya lolote la ziada. Mtu aliyecheza gemu atasikia kifungo chake, mwanajazi atasikia chake, kwenye bari zilezile.

Kuhusu 7/8. Siipingi. Fyusheni tangu enzi za kikundi cha Mahavishnu Orchestra imezoea kuhesabu kwa njia ngumu, na mpiga ngoma wenu anaiweza, hatetereki popote. Tatizo ni kwamba melodi hii imejaa tripleti. Zile noti zinazopanda, G, E, G, halafu A, zinakaa tatu ndani ya nafasi ya mbili, na ndizo zinazofanya wimbo uruke. Kwenye 7/8 yenu hazikupata pa kukaa, mkazinyoosha zote zikawa sawasawa. Kondo aliwahi kusimulia kwamba toleo lake la kwanza la muziki huu lilikuwa la taratibu zaidi. Gemu ilipobadilika akaona haliendani na mwendo wa Mario, akaongeza kasi. Maana yake mwendo wa yule mtu kwenye skrini umo ndani ya noti. Mnaweza kuupunguza kasi, mmeupunguza sana na bado unapendeza, lakini mkizifuta tripleti mnakuwa mmemkata miguu.

Kama mnaipenda hesabu isiyo ya kawaida, ipo moja ambayo wimbo wenyewe unawapa bure. Rudini kwenye 4/4, kasi ya mapigo 120 kwa dakika. Noti tatu za tripleti kwenye mapigo mawili. Mkifika 4:20, mnapoingia majini, zifanyeni zile noti tatu ziwe mapigo matatu ya wolzi. Kasi inahama kutoka 120 kwenda 180 bila mtu kuongeza mwendo: noti zilezile, urefu uleule, ila sasa tunazihesabu kwa tatu. Kwa sasa mnaingia kwenye wolzi kwa kusimama, kuvuta pumzi, kisha kuanza upya, na kila nikisikiliza napaona kiraka. Hii ingekifuta kabisa, na ingeonyesha kwamba wolzi ile na wimbo wa nchi kavu ni ndugu.

Sasa besi, na hapa mnivumilie, ndipo ninapoishi.

Konsoli ile ya Nintendo ilikuwa na chaneli tano za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele, na moja ya sampuli. Besi ilikaa kwenye pembetatu. Na ile pembetatu haikuwa na udhibiti wa sauti. Inalia au hailii, basi. Hakuna kupiga kwa nguvu, hakuna kupiga kwa upole. Kitu pekee alichobaki nacho mtunzi ni kuchagua noti ipi, ianze lini, na ikatike lini. Sikiliza ile besi ya asili peke yake utashangaa ina nafasi ngapi tupu, na jinsi kila nafasi inavyokusukuma kwenda noti inayofuata. Besi wenu ana kipaji, dole gumba lake linasema kweli, lakini amezijaza nafasi zote. Slapu kila mahali, na noti za mzuka (zile za kugonga tu, zisizo na sauti kamili) katikati ya slapu. Ukishajaza mapengo yale hakuna kinachoruka tena.

Watu wengi wakisikia fyusheni wanawaza slapu. Lakini ile besi ya "Chameleon" kwenye albamu ya Head Hunters ya 1973 aliipiga Herbie Hancock mwenyewe kwa sinthesaiza ya ARP Odyssey, mstari mmoja unaojirudia na kujirudia, na hakuna atakayesema si fyusheni. Naye mpiga besi Jaco Pastorius kwenye albamu ya Heavy Weather ya 1977 anaimba zaidi kuliko anavyogonga. Kwa hiyo una milango miwili: sinthesaiza yenye wimbi la pembetatu, mstari wa Kondo noti kwa noti kwa dakika mbili za kwanza; au besi isiyo na freti (vile vyuma vya shingoni vinavyogawa noti), ivute zile noti ndefu za wolzi. Slapu ihifadhiwe kwa ajili ya 5:05. Ikiingia pale mara ya kwanza, watu watainuka.

La mwisho kwa leo, na ndilo ninalolibeba moyoni. Unaongea kana kwamba jazi ni upande mmoja na gemu upande mwingine. Si kweli. Japani ya miaka ile ilikuwa imejaa fyusheni. Kikundi cha Casiopea kilitoa albamu ya kwanza 1979, T-Square walikuwapo, na Kondo mwenyewe ameitaja fyusheni ya kwao kati ya muziki uliomlea. Nenda usikilize gemu ya magari ya OutRun ya 1986, muziki wa Hiroshi Kawaguchi: mchezaji anachagua wimbo kabla ya kuwasha gari, na "Magical Sound Shower" ni fyusheni yenye Kilatini ndani yake, haikuhitaji remiksi ya mtu yeyote. Kwa hiyo huupeleki muziki huu ugenini. Unaurudisha kwao, na mambo mengi uliyoyaongeza tayari yalikuwamo, madogo, yamebanwa kwenye chaneli chache. Yatafute hayo kwanza, uyakuze.

---

Ngome8_4 alijibu:

Mimi si mwanamuziki, ni mchezaji, ndiye hasa yule mnayesema amelalamika. Nakubaliana na BesiBilaFreti lakini niongeze la upande wetu.

Muziki wa gemu hatukuusikia ukiwa umekaa peke yake. Tuliusikia tukifanya kitu. Ukiokota sarafu, sauti ya sarafu inachukua chaneli ya muziki na noti ya muziki inakatika kidogo, halafu inarudi. Kwa hiyo wimbo niliokua nao mimi una matundu, na matundu hayo niliyatoboa mwenyewe kwa kuruka na kuokota. Remiksi yenu haina tundu hata moja. Kwa zaidi ya dakika tano kuna mtu anapiga kitu. Nilichoka, na sikujua kwa nini nimechoka mpaka nilipowasoma hapa.

Pia kuna kitu kikubwa mmekiacha ambacho kingewapa mwisho mzuri. Saa ya gemu ikishuka chini ya 100, kunalia onyo fupi, kisha muziki uleule unaanza upya kwa kasi. Kila aliyecheza anaijua hofu ile, vidole vinabana kwenye kidhibiti. Nyie 5:05 mnarudi na melodi kwa kasi ileile, mna nguvu tu. Kwa nini ngoma zisipige lile onyo, kimya kidogo, halafu mrudi kwa kasi ya kutisha? Mna mpiga ngoma anayeweza. Mimi ningesimama kwenye kiti.

---

TenaNaAlto alijibu:

Naomba nimtetee mpiga saksafoni, kwa sababu naona solo inaelekea kukatwa kichwa kabla hatujaijadili.

Solo juu ya akodi moja si uvivu. Miles Davis kwenye albamu ya In a Silent Way, 1969, aliwaacha watu wakae muda mrefu juu ya akodi chache mno, na kutoka hapo fyusheni ikapata pumzi yake. Dm9 peke yake ni sawa. Tena ni wazo zuri, maana inatokana na ile D ya kwanza kabisa ya wimbo, hata kama imegeuzwa maina.

Ninachokiona mimi ni kwamba solo ile haijui ipo kwenye wimbo gani. Nimeinakili bari kama kumi na sita za kwanza. Kuna misemo mizuri, kuna moja karibu na 2:58 inayopanda hadi noti ya juu na kuishikilia ambayo ni ya kiwango kabisa. Lakini hakuna hata chembe ya Mario. Na wimbo huu unampa mpiga solo zawadi ya wazi: ule mstari wa sehemu ya pili, G, F-shapu, F, kisha unaruka D-shapu na kutua E. Mstari unaoteleza kwa nusu-hatua namna ile ndiyo lugha ya saksafoni. Auchukue, aanze nao chini polepole, auhamishe kwa ufunguo mwingine, aupige kinyumenyume, aukate katikati. Dakika nzima ya solo inaweza kutoka kwenye noti zile tano. Msikilizaji atakuwa anasikia kitu anachokijua kikitazamwa kutoka pembe nyingine, na hatauliza tena huu ni wimbo gani.

Urefu sitaugusa. Solo ikiwa na jambo la kusema, dakika mbili ni chache.

---

BesiBilaFreti alijibu:

TenaNaAlto, hapo kwenye urefu tunaachana kidogo. Kwenye jukwaa, mbele ya watu, ningempa hata dakika tano. Kwenye rekodi ya dakika 5 na sekunde 40, dakika mbili za Dm9 ni zaidi ya theluthi ya wimbo mzima. Mimi ningempa bari 32: kumi na sita juu ya Dm9, kumi na sita juu ya akodi za wimbo wenyewe, ikiwemo A-flati, B-flati, C. Akipita kwenye kadensi ile akiwa katikati ya solo, kila sikio litamfuata.

Lakini hoja yako ya mstari unaoteleza naiunga mkono kwa mikono miwili. Nimejaribu sasa hivi kuupiga kwenye besi isiyo na freti, kutoka G hadi F bila kuinua kidole. Unalia kama mtu.

Na Ngome8_4, hiyo ya saa chini ya 100 ndiyo wazo bora kuliko yote yaliyotajwa hapa, pamoja na yangu.

---

MwanaRhodes aliandika:

Wakuu, mmenipa mengi na nashukuru kwa dhati. Nimekaa na kinanda nikapiga Abmaj9, Bb13, C6/9 chini ya melodi isiyoguswa, nikaelewa mara moja. Hiyo G juu ya B-flati, BesiBilaFreti, ni kweli, inang'aa.

Nina mambo mawili. La kwanza, kikundi kina nafasi ya kurekodi upya lakini si wimbo mzima; ngoma na besi labda, saksafoni hakika, gitaa hapana. Mkiniambia nianze na kimoja, ni kipi? La pili ni la besi. Mpigaji wetu slapu ndiyo fahari yake, na amefanya kazi kubwa. Nikimwambia apige mstari wa Kondo noti kwa noti atahisi nimempokonya nafasi yake.

---

BesiBilaFreti alijibu:

La pili kwanza, kwa sababu ni la mtu. Usimwambie apunguze. Mpe ule mstari wa pembetatu, umwambie hivi: noti hizi ni zako zote, nguvu ni moja kwa kila noti, kazi yako ni kuchagua kila noti ikatike wapi. Mwache nao usiku mmoja. Mpiga besi yeyote mwenye masikio atagundua kwamba kukata noti mahali pake ni kugumu kuliko slapu, na atautaka mwenyewe. Mimi nilipoanza kuupiga vile ndipo mkono wangu wa kushoto ulipojifunza kazi. Kabla ya hapo ulikuwa unafuata tu mkono wa kulia. Kisha mwahidi 5:05 ni yake, na utimize.

La kwanza: kadensi, zile bari mbili-tatu za 1:47 na kila zinaporudi. Ni kinanda chako na saksafoni, hamhitaji mtu mwingine. Gitaa linapiga nini pale? Nikisikiliza kwa makini nasikia kama linashika noti mbili tu, G na C. Kama ni hivyo mna bahati, zote mbili zimo kwenye Abmaj9, na juu ya C6/9 hazina neno. Kwenye B-flati ile C inakuwa tisa, inapita. Gitaa libaki lilivyo.

---

FaderiNaVisu alijibu:

Nachangia upande wa mikisi tu, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti, mengine mmeyamaliza.

Mkono wa kushoto wa Rhodes na besi wanagombania chumba kimoja, hasa kati ya hezi 100 na 250. Kuanzia 0:36 sisikii besi, nasikia uzito. MwanaRhodes, usikate kwa ikwalaiza kabla hujakata kwa mkono: ondoa noti zako zote zilizo chini ya C ya katikati wakati besi anapiga. Akodi za noti tatu-nne za mkono wa kulia zinatosha kabisa. Kondo alikuwa na sauti mbili juu ya besi na dunia nzima ilizielewa.

Mwangwi ni mwingi mno. Muziki wa konsoli ile ulikuwa mkavu, kila noti inaanza ghafla na kuisha ghafla, na miruko ile inatokana na ukavu huo. Kwenye ngoma mmeweka mwangwi wa ukumbi, matokeo yake kila pengo ambalo besi angeliacha litajazwa na mkia wa ngoma ya snea. Ukimfundisha besi kukata noti halafu ukaacha mwangwi ule, kazi yake haitasikika. Weka chumba kidogo, kifupi, na kwa wolzi ya majini peke yake fungua mwangwi mrefu. Tofauti ya ukavu na umajimaji itafanya kazi ambayo kwa sasa mnaifanya kwa kubadilisha matoazi.

Haiheti, yale matoazi mawili ya mguu, pia imebanwa na kompresa (kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti) hadi mapigo yote yana ukubwa mmoja. Chaneli ya kelele ya zamani ilikuwa na sauti chache lakini ilijua kutofautisha pigo refu na fupi. Legeza kompresa, mwache mpiga ngoma apumue, ametoa hisia nyingi pale na zimefutwa baada ya kurekodi.

Kwa hiyo nakubaliana na kuanza na kadensi, ila rekodi kile kipande bila mwangwi wowote, Rhodes mkono wa kulia tu, saksafoni, na besi kwa mstari wa asili. Bari nane zinatosha, nne kabla ya kifungo na nne baada yake. Ziweke hapa tuzisikilize zikiwa kavu kabla hamjagusa kitu kingine, na Ngome8_4 asikilize wa kwanza.